Katuni ukutani, mama sakafuni

Bata alikuwa wa njano, kavaa kofia ya baharia, na aliyemchora alijitahidi kweli. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mpwa wangu. Mtoto huyo wa miaka mitano alidondoka kutoka kwenye mwembe akavunjika paja. Wakamfunga mguu kwa kamba inayopita kwenye kapi na upande wa pili wakaning'iniza uzito. Mtoto aliyefungwa hivyo hageuki. Hulala chali wiki tatu, nne, hata zaidi, akisubiri mfupa uunge. Bata tulimwona sisi tuliokuja na machungwa, akamwona daktari wa raundi, na bila shaka mgeni rasmi alimwona siku wodi inazinduliwa. Aliyechorewa ndiye peke yake asiyemwona.

Mchana mmoja kitanda cha jirani kilibaki wazi, mgonjwa wake karuhusiwa. Nikajilaza chali nione anachokiona yeye. Dari yenye doa la maji yaliyovuja masika. Taa ya tyubu, na ndani ya kava lake mjusi aliyekauka. Pangaboi lisilozunguka. Msumari wa kutundikia dripu. Basi. Sista akanikuta pale. "Mjomba, hicho ni kitanda cha wagonjwa." Nikashuka, nikaomba radhi. Tangu siku hiyo kila nikiona picha za "wodi rafiki kwa watoto" natafuta kwanza mtoto akilala anatazama wapi.

Halafu natafuta mama yake yuko wapi.

Siku hizi kila jengo la watoto linalokarabatiwa linatafutiwa mchoraji. Twiga, sungura, herufi A mpaka Z, tembo anapiga mswaki. Sina ugomvi na twiga. Lakini rangi ndiyo kazi ya mwisho ya ujenzi na ndiyo nyepesi kuliko zote, nasi tumeifanya ndiyo jengo lenyewe. Kaa na watoto wagonjwa siku mbili uone wanacholilia: kuachwa, kuumizwa ghafla, na kutojua kinachofuata. Sijawahi kumwona mtoto akilia kwa sababu ukuta ni mweupe. Na hizo hofu tatu, ramani ya jengo inaweza kuzizidisha au kuzipunguza kabla mchoraji hajafungua kopo la kwanza.

Wodi nyingi tulizorithi Afrika Mashariki ziliigwa kutoka Uingereza ya enzi ambayo mzazi alikuwa mgeni hospitalini. Chumba kirefu, vitanda safu mbili, meza ya muuguzi mahali anapowaona wote kwa jicho moja. Huko kwao, mpaka katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi zilimruhusu mzazi kumwona mtoto saa chache tu kwa wiki. Hoja ilikuwa kwamba mama akija mtoto analia, akiondoka analia zaidi, bali asipokuja kabisa, baada ya siku kadhaa mtoto hunyamaza. Wakasema amezoea. Mwaka 1952 James Robertson, ofisa ustawi wa jamii wa kliniki ya Tavistock jijini London, akatoa filamu aliyoipiga wodini akimfuatilia binti wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Waliotazama ile filamu hawakuona mtoto aliyezoea. Waliona mtoto anayejikaza asilie na polepole anakata tamaa. Baadhi ya madaktari walimjia juu Robertson, wakadai anawachafua. Hata hivyo mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt, ambaye kwa fani alikuwa daktari wa mifupa, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo afikiriwe nafasi ya kulala naye hospitalini.

Hapa kwetu hilo halikuhitaji kamati. Mama yupo wodini kwa sababu bila yeye wodi haiendi. Ndiye anayeogesha, anayelisha, anayepeleka kikopo cha choo maabara, anayepanga foleni dirisha la dawa, anayekimbia kumwita sista dripu ikiisha. Kiswahili chenyewe kinamtambua: mtoto anaugua, mama anauguza. Muuguzi, kabla hajawa mtu wa sare na cheti, alikuwa yeyote anayekesha na mgonjwa. Sasa fungua ramani ya wodi hiyohiyo. Kitanda cha mtoto kimo. Kabati la dawa limo. Stoo ya mashuka imo. Mama hayumo. Tunamhesabu kwenye kazi, kwenye mita za mraba tunamruka.

Kwa hiyo dada yangu alilala sakafuni kati ya vitanda viwili, juu ya mkeka, begi chini ya kichwa, na saa kumi na moja alfajiri anaamshwa watu wapige deki. Nguo alizofua alizianika kwenye reli ya kitanda kwa kuwa hapakuwa na kamba, akagombezwa kwa kuzianika kwenye reli ya kitanda. Hayo mtu mzima huyameza. Shida ilikuwa usiku. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu, mtoto kafungwa chali, hawezi kuinamia ukingoni. Akishtuka saa nane hamwoni mama. Mama yupo pale chini, hatua moja, lakini kwake ni sawa na kwamba kaenda. Anapiga kelele, wodi nzima inaamka, wenzake wanaanza kulia wasichokijua. Usiku wa tatu dada akafunga ncha ya mtandio kwenye kifundo cha mkono wa mwanawe, ncha nyingine kwenye mkono wake. Mtoto akishtuka anavuta, mama ananyanyua mkono aonekane, mtoto anarudi kulala.

Nimezungumza na wasanifu majengo wawili watatu kuhusu wodi za watoto na hakuna aliyenionyesha kitu kilichonishinda kama mtandio ule. Ulikuwa umejibu swali ambalo ramani haikuuliza. Kochi la kukunjuka kando ya kitanda lingejibu. Kitanda kifupi kingejibu. Hata kitanda kipana kidogo, maana tunajua fika kwamba mtoto wa miaka miwili atalala na mamaye kitanda kimoja tutake tusitake, ila tunaendelea kununua vitanda vyembamba kana kwamba hatujui.

Atakayesema hayo ni mambo ya kubembelezana, amkumbuke mtoto njiti. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kama kilo 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza hali itulie. Miongoni mwao asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Kwa wale waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kinachonigusa mimi ni kilichobidi kifanyike kabla: ilibidi vitanda vya akina mama viingizwe ndani ya chumba cha uangalizi maalumu wa vichanga, mahali ambapo desturi ilikuwa mama achungulie kwenye kioo na aje saa za kunyonyesha. Kabla ya kubadili tiba walilazimika kubadili chumba.

Hofu ya pili ni maumivu, na hapa mlango mmoja unaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Nenda kliniki yoyote yenye watu wengi utazame chumba cha sindano kilipo. Mara nyingi mlango unatazamana na mabenchi. Umefungwa nusu au una pazia tu. Mtoto wa saba kwenye foleni amewasikiliza sita waliotangulia, wa kwanza mpaka wa sita, na aliyetoka anapita mbele yake kashika mkono, uso umelowa. Zamu yake ikifika anashikilia benchi. Hapo tunaanza kumwita mkorofi. Mtu mzima tungemkalisha hivyo kusubiri upasuaji angeondoka zake nyumbani. Kuhamisha mlango uelekee upande wa pili, au kuweka korido fupi yenye kona ili sauti isije moja kwa moja na anayetoka apitie kwingine, ni jambo la penseli wakati jengo bado liko kwenye karatasi. Likishajengwa ni nyundo na bajeti.

Waliosomea kazi ya watoto wana kanuni moja nzuri sana: kitanda kisiguswe na maumivu. Ya kuchoma, ya kufungua kidonda, ya kutafuta mshipa, yote yapelekwe chumba kingine, ili mtoto akirudi kitandani ajue hapa hapafanyiki kitu. Kwa aliyefungwa mguu kama mpwa wangu haiwezekani, naelewa. Lakini wodi nzima ilifanyiwa kila kitu palepale ilipolala. Toroli lilikuwa na gurudumu moja linalolia, kama panya kabanwa. Mpwa wangu alilijua kabla halijafika mlangoni, na uji unabaki mdomoni. Alilia hata lilipobeba mashuka tupu. Sijui lilikuwa linalia tangu lini, ila tone la mafuta ya cherehani lingetosha.

Ndani ya hicho chumba cha sindano nako kuna kitu kimekosekana: kiti. Utakuta kitanda kimoja chembamba na kirefu, stuli ya muuguzi, boksi la sindano zilizotumika, na mama anaambiwa asubiri nje. Kwa samani za namna hiyo kuna njia moja tu ya kumchoma mtoto wa miaka minne anayepambana: kumlaza chali na watu watatu wamkandamize. Kulazwa chali na kushikwa na usiowajua kunatisha kuliko sindano yenyewe. Mtoto huyohuyo akiketi mapajani kwa mama, kifua kwa kifua, mkono mmoja umetolewa pembeni na mama mwenyewe kamkumbatia, kazi inaisha haraka na muuguzi hapigwi teke. Kinachohitajika ni kiti kipana, kizito, kisicho na magurudumu, na nafasi ya kukiweka. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza. Tatizo la kiti ni kwamba hakina sura ya kupigiwa picha siku ya makabidhiano. Tembo anapiga mswaki anayo.

Nisiwaonee wachoraji lakini. Kuna mahali picha imefanya kazi kweli. Doug Dietz alikuwa mbunifu wa mashine za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili mgonjwa akiwa kaingizwa kwenye tundu, katika kampuni ya GE. Siku moja alikwenda hospitali kuitazama mashine aliyoibuni, akamwona mtoto wa kike anaingia chumbani analia kwa hofu, na akaambiwa kwamba wengi hulazimika kupewa dawa za usingizi ili watulie ndani ya lile tundu. Yeye na wenzake walipoanza upya, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilipata chumba kilichogeuzwa meli ya maharamia. Mashine haikubadilika. Lakini angalia walichofanya zaidi ya kupaka rangi: mtoto alipewa hadithi kabla hajaingia, na mafundi wanaoendesha mashine wakapewa maneno ya kumwambia, kwamba sasa unapanda merikebu, tulia kabisa. Mtoto alijua kinachofuata. Picha ilikuwa sehemu ya maelezo, na mahali pake ni palepale jicho la mtoto lilipo. Bata wetu hakuwa na hadithi wala muuguzi aliyejua jina lake.

Kumwandaa mtoto kwa kitakachotokea kunahitaji watu, na watu wanahitaji chumba. Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kipo kituo cha watoto cha Sally Test. Kina vitabu na michezo, na wahudumu ambao kazi yao ni kukaa na mtoto, kumchezea, kumweleza. Mtoto akimdunga mwanasesere mwenyewe, kwa bomba lisilo na sindano, anakuwa ameshaipitia sindano mara moja kabla ya zamu yake. Wakuu wengi wa vituo watakwambia chumba cha michezo ni anasa wakati vitanda havitoshi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unautaja mchezo kwenye ibara ya 31 kama haki, na haumtoi mtoto aliyelazwa.

Kuhusu dirisha, ushahidi unaonukuliwa kila mahali ni wa mtafiti Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984. Alipitia mafaili ya wagonjwa 46 wa hospitali moja huko Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Nusu yao vyumba vyao vilitazama miti, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukutani 8.70, na wa mitini walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Walikuwa watu wazima, si watoto, na hospitali ilikuwa moja. Sitaubeba ushahidi huo zaidi ya uzito wake. Lakini sihitaji utafiti kujua kwamba mjusi mkavu ndani ya kava la taa si mandhari.

Na si kwamba haiwezekani kwetu. Kule Butaro, wilaya ya Burera kaskazini mwa Rwanda, hospitali ya vitanda 140 ilifunguliwa mwaka 2011, kazi ya wasanifu wa MASS Design Group. Badala ya kupanga vichwa vya vitanda kwenye kuta za nje chini ya madirisha, ambako mgonjwa hulipa dirisha kisogo, waliweka ukuta mfupi katikati ya wodi na vichwa vikaegemea huko. Kila aliyelala anatazama nje, anaona vilima. Gharama ya kugeuza vitanda kwenye ramani ni sifuri. Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, shirika la Emergency la Italia lilifungua mwaka 2021 hospitali ya upasuaji wa watoto yenye vitanda 72 na vyumba vitatu vya upasuaji. Aliyeisanifu ni Renzo Piano, msanifu mashuhuri wa Italia, na ofisi yake. Udongo uliochimbwa palepale ulishindiliwa ukawa kuta nene zinazotunza ubaridi, katikati kuna bustani, na pembeni nyumba ya kufikia familia zinazotoka mbali. Nyumba ya familia imo kwenye ramani tangu mwanzo. Kuta za udongo, kwa jina la Renzo Piano, zimesifiwa dunia nzima, wakati huku kwetu fundi akikutajia udongo unamwona anakudharau. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Hata hayo majengo ya mkoloni ninayoyasema yalikuwa na kitu tulichokiua wenyewe: veranda. Pana, ina kivuli, inapitisha upepo, kitanda kinaweza kusukumwa mpaka nje. Sisi watu wa baraza tungejua la kufanya nayo kuliko yeyote. Kwenye wodi ya mpwa wangu ilikuwa imezibwa kwa mbao na kufanywa stoo ya vitanda vibovu. Majengo mapya nayo yamekuja na vioo visivyofunguka na viyoyozi, na umeme ukikatika watoto wanaiva.

Wauguzi niliowaeleza haya wananijibu, na wanajibu vizuri. Mmoja aliniambia: "Kaka, zamu ya usiku niko peke yangu na watoto arobaini. Ukiniongezea makochi nipite wapi na toroli?" Wanazungumzia pia maambukizi, vyombo vya chakula vinavyoita mende, ndugu sita kwa mgonjwa mmoja. Yote kweli. Ila ukiyatazama moja moja, ni malalamiko juu ya mama asiye na mahali. Angekuwa na kabati asingeweka sufuria chini ya kitanda. Angekuwa na karo na kamba ya kuanikia asingefulia bafu la wagonjwa. Vurugu anazolaumiwa nazo tumezichora wenyewe kwa kutomchora.

Baba ndiye aliyesahauliwa zaidi. Wodi ya watoto ni ya wanawake usiku, akina mama wanajifunga kanga na kunyonyesha, na haki yao ya stara siipingi. Lakini palikuwa na baba mmoja aliyebaki na mtoto wake peke yake. Kila saa kumi na mbili jioni alitolewa, akalala kwenye benchi nje, karibu na mlinzi. Binti yake alilala kwa mikono ya mama wa kitanda cha pili. Vijumba viwili vyenye kizigeu na mlango vingemaliza suala hilo.

Wiki ya tatu sista wa usiku, yule aliyenishusha kitandani, alichukua kioo cha mkononi cha dada yangu akakifunga kwa bandeji kwenye fremu ya chuma juu ya kitanda, kikainama kidogo. Nilipofika mchana mpwa wangu alikuwa anaona dirisha, mlango, na wapitao koridoni. Nikamgeuzia kioo nyuma nimwonyeshe bata wake. Akamtazama. Akauliza mbona mdomo umebanduka. Halafu akasema, "Mjomba, geuza chini." Nikageuza. "Chini tena." Nikageuza tena, mpaka akasema hapohapo, usiguse. Kioo kilikuwa kinaonyesha mkeka, na dada yangu juu yake amejifunika kanga, kalala.